Uzi wa watayarishaji wa makala za redio: tutoke studio, tuwafuate watu na sauti zao

#1 Kinasa (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Naufungua uzi huu kwa watayarishaji wa makala za redio, wanafunzi wa uandishi wa habari na yeyote anayependa kusikiliza. Wengi humu mko kwenye redio za jamii na za mikoani, wengine mmeanza podikasti. Tupeane uzoefu.

Nianze na kinachoniuma. Fungua redio saa za makala, utasikia muziki wa kinanda wenye huzuni, kisha "ungana nami mwandaaji na msimulizi wa makala hii, mwanzo hadi mwisho". Dakika tatu za kusoma takwimu. Halafu: "Nimezungumza na mwenyekiti wa kijiji ambaye anaeleza kuwa hali ya maji ni mbaya." Mwenyekiti anaingia: "Kwa kweli hali ya maji hapa kijijini kwetu ni mbaya." Msimulizi anarudi: "Huyo ni mwenyekiti akieleza ubaya wa hali ya maji." Jambo moja limesemwa mara tatu, na maji yenyewe hatujayasikia. Ndoo ikigonga mawe ya kisima kilichokauka hatujaisikia, wala akina mama waliopanga foleni tangu saa kumi alfajiri.

Hiyo ni ripoti iliyorefushwa. Makala ya redio inaanzia uwanjani, masikioni, na karatasi inafuata baadaye. Ukiandika muswada wote ofisini halafu ukatoka kutafuta watu wa kuujaza, umeshaimaliza makala kabla hujaianza.

Nitatumia mfano mmoja ili tusizungumze hewani: TAZARA. Reli ya Uhuru, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Makubaliano ya Tanzania, Zambia na China yalitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, reli ikakamilika 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Sababu yake inajulikana: Zambia haina bahari, na baada ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru mwaka 1965, njia ya shaba kwenda kusini ilikuwa mikononi mwa maadui. Haya yote yamo vitabuni.

Kisichokuwa vitabuni ni sauti ya mtu aliyebeba mataruma. Kijana aliyekuwa na miaka 20 ujenzi ulipoanza sasa amevuka 70. Makaburi ya Wachina waliofia kazini yako Gongo la Mboto na wageni rasmi huenda kuweka mashada, lakini wazee wetu waliochimba mahandaki pamoja nao wamekaa Mlimba, Makambako, Ifakara na Mbeya, na kila mwaka wanapungua. Nimewahi kutengeneza makala ya dakika 28 juu ya wazee hao, na karibu yote nitakayosema hapa nilijifunza kwao.

Kabla hujatoka. Andika swali moja ambalo makala nzima italijibu. "Historia ya TAZARA" ni mada, na mada haina mwisho. Swali langu lilikuwa: mtu aliyejenga reli hii anajisikiaje leo akiona treni ikipita, au ikikosa kupita? Kwa swali hilo nilijua nani wa kumtafuta na wapi pa kusimama. Mimi nilikwenda kwa wazee, kwa mama aliyekuwa akiuza ndizi stesheni, kwa dereva wa treni. Meneja nilimtafuta mwishoni, kuthibitisha mambo.

Kisha andika orodha ya sauti unazotarajia. Honi, breki, kengele ya stesheni, wauzaji wakikimbilia madirisha, nyundo, redio ya mbao nyumbani kwa mzee, mvua ya Kilombero kwenye bati. Orodha ikiwa tupu, pengine hilo si jambo la redio, mpe mwenzako wa gazeti.

Vifaa. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu watu hupoteza muda mwingi kwenye vifaa. Kinasa sauti chochote kizuri cha mkononi kinatosha. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48 kHz, biti 24; usirekodi MP3. Kiwango cha sauti kicheze karibu na desibeli -12, kisiguse sifuri kamwe. Maiki iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige. Upepo ukiwepo, vika maiki manyoya yake. Vaa hedifoni muda wote, kwa kuwa jokofu linalonguruma chumba cha pili sikio lako tupu halitalisikia ila maiki italisikia. Simu zote ziwe hali ya ndege, pamoja na ya mhojiwa, maana mlio wa mtandao ukiingia kwenye rekodi hautoki.

Na usiondoke mahali popote bila kurekodi ukimya wake kwa dakika nzima. Kila chumba kina ukimya wake, na ndio utakaokuziba viraka siku ya kuhariri.

Sehemu ya mahojiano naileta kesho. Karibuni kwa maswali.

#2 Mtangazaji wa Ziwa

Mkuu umenigusa. Nipo redio ya jamii huku kanda ya ziwa, na hiyo ya "anaeleza kuwa" tunaifanya kila wiki. Swali langu: wazee wetu ukiwawekea maiki wanabadilika. Mzee aliyekuwa anapiga stori vizuri kabisa chini ya mwembe, ukiwasha kinasa anaanza "kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, pili nawashukuru ninyi wanahabari". Tunafanyaje?

#3 Kinasa (mleta uzi)

Swali zuri sana hili, na ndilo moyo wa mahojiano, kwa hiyo nalijibu kabla ya kesho.

Mzee anahutubia kwa sababu amezoea kuona maiki kwenye mikutano. Kwake maiki ni jukwaa. Usimkatize, ni utovu wa adabu na utampoteza. Mwache amalize shukrani zake, pokea, kisha msimame mtembee. Mtu akitembea hawezi kuhutubia. Mzee mmoja wa Mlimba alinipa risala ndefu ukumbini kwake. Nikamwambia, "Baba, nipeleke basi nikaone hapo mlipokuwa mnalala." Tulipofika alisimama, akaanza kuonyesha kwa fimbo: kambi ya Wachina hapa, yetu pale, jiko lilikuwa huku, na sauti yake ikashuka ikawa ya mtu anayezungumza na mwanawe. Fimbo ikigonga chini imo kwenye makala, na nyayo zetu kwenye majani makavu pia.

Salamu zote zirekodi. Shikamoo, marahaba, habari za safari, karibu kiti. Washa kinasa kabla ya kubisha hodi, umeshampigia simu na ameshajua unakuja kurekodi. Dakika hizo za mwanzo zinamtambulisha mtu kuliko sentensi yako yoyote: jinsi anavyoitikia, anavyomwita mjukuu alete maji, anavyocheka.

Kuhusu maswali, acha "unazungumziaje". Uliza vitu vinavyoonekana na kusikika. "Siku ya kwanza kuiona treni ulikuwa wapi? Ulisikia nini kwanza? Nani alikuwa pembeni yako? Mlikula nini?" Mtu akikumbuka chakula, mengine yanakuja yenyewe. Nilipouliza habari ya chakula, mzee alinieleza jinsi walivyotazamana na Wachina wakila, kila upande ukishangaa sahani ya mwenzake, hadi siku walipobadilishana. Ningeuliza "uhusiano wa kikazi ulikuwaje" angenijibu "ulikuwa mzuri".

Kuna jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya wenzetu havilielezi vizuri. Wanakufundisha unyamaze kabisa mhojiwa akiongea, utikise kichwa tu. Lakini kwa Mswahili "enhe" ya msikilizaji ni kuni kwenye moto wa hadithi. Ukikaa kimya kama jiwe, mzee anasimama na kukuuliza, "Tuko pamoja?" Nifanyavyo: namweleza mapema kwamba nitaitikia kwa kichwa na macho ili sauti yake itoke safi, kisha mwanzo wa kila kisa naitikia "enhe" kwa sauti, na kikishapamba moto nanyamaza. Zile chache zilizoingia siziondoi zote. Msikilizaji akisikia kuna mtu anayesikilizwa, naye anasikiliza.

Mwisho: ukifika mwisho wa maswali usizime. Sema "asante sana baba" na ukae. Kimya cha sekunde kumi kinaleta maneno ambayo swali lisingeyaleta.

#4 Sikio la Pwani

Nafuatilia kwa karibu. Mimi nauliza kuhusu lugha. Huko Kilombero na Njombe wazee wengine wataongea Kindamba au Kibena wakifika kwenye jambo lenye uchungu. Unakata au unatafsiri?

#5 Kinasa (mleta uzi)

Sikati hata siku moja, hasa hapo kwenye uchungu. Mtu anarudi kwenye lugha ya mama yake kwa sababu. Mwache aanze kwa lugha yake, sentensi nzima isikike, ndipo ushushe sauti yake taratibu na tafsiri iingie juu yake, ikichelewa kidogo. Kabla tafsiri haijaisha, pandisha sauti ya asili ili amalizie mwenyewe. Anayetafsiri awe na umri na jinsia inayokaribiana na mhojiwa. Bibi wa miaka 75 akitafsiriwa na kijana wa studio mwenye sauti ya matangazo ya vinywaji, bibi amepotea. Tafsiri ihakikiwe na mzungumzaji mwingine wa lugha hiyo, kwa sababu aliyekusaidia kijijini mara nyingi ni ndugu wa mhojiwa na anaweza kulainisha mambo ya aibu ya familia.

#6 Mkongwe wa Mkanda

Vijana, salaam. Nimesoma kwa furaha, ila niruhusuni nipinge kidogo.

Mimi ni wa enzi za mikanda. Tulikwenda mikoani na Uher begani, kinasa cha mkanda, betri zake nzito, mkanda unakatwa kwa wembe na kuungwa kwa utepe. Kila dakika ya mkanda ilikuwa mali ya serikali, hivyo hukurekodi ovyo. Ulifikiri kwanza. Leo kijana anarudi na saa nane za rekodi na hajui alichonacho.

Pili, msimulizi msimdharau. Msikilizaji wa Kiswahili amelelewa na msimulizi. Paukwa, pakawa, anayeendelea ni mtu mmoja mwenye sauti na heshima. Mazungumzo Baada ya Habari ya RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) yalikuwa sauti moja ikisoma, na nchi ilitulia. Ukimtoa msimulizi kabisa, unamwachia msikilizaji vipande asivyojua vimetoka wapi.

#7 Kinasa (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umeingia.

La kurekodi ovyo nakubaliana nalo asilimia mia. Kwa msimulizi nadhani tunakaribiana kuliko inavyoonekana. Msimulizi mzuri nampenda. Nisiyemtaka ni yule anayesimama mlangoni akitangaza anachokuja kusema mgeni.

Unajua mzee, hoja hii ina umri mrefu. Mwaka 1957 Uingereza, dereva wa treni John Axon alikufa kwenye ajali karibu na Chapel-en-le-Frith. Bomba la mvuke wa breki lilipasuka, treni ikawa haishikiki mteremkoni, naye akabaki ndani akijaribu kuizuia. Mtayarishaji wa BBC, Charles Parker, pamoja na mwanamuziki Ewan MacColl, wakaenda Stockport na kinasa cha kubebeka kuzungumza na mjane na wafanyakazi wenzake. Desturi ya wakati huo ilikuwa kurudi na maneno hayo, kuyaandika upya na kuwapa waigizaji wayaseme studio. MacColl aliposikiliza mikanda aliona hakuna mwigizaji wa kuyafikia maneno yale. Wakaziacha sauti zenyewe za watu wa reli, wakazifunga kwa nyimbo, bila msimulizi wa kawaida. Ilirushwa Julai 1958 kwa jina The Ballad of John Axon.

Siwataki watu waige nyimbo zile. Ninachosema ni kwamba ile desturi ya kuyachukua maneno ya mtu na kuyasema wewe, wenzetu walianza kuiacha miaka ya 1950, na sisi bado tunayo kwenye "ambaye anaeleza kuwa".

Kwangu msimulizi ana kazi tatu. Anatupeleka mahali, anatuambia jambo ambalo hakuna aliyerekodiwa angeweza kulisema, na anatuandaa tusikie kitu bila kukitaja. Mfano, badala ya "mzee huyu anaeleza kuwa walipata ajali handakini", naandika: "Kati ya Mlimba na Makambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu. Milima haikuwa na njia. Njia ilibidi ichimbwe." Kisha mzee mwenyewe: "Tulikuwa ndani, tukasikia mlio..." Msimulizi kafungua njia na kukaa pembeni.

#8 Mkongwe wa Mkanda

Marahaba mwanangu. Hapo sina neno. Ongeza tu kwamba msimulizi aandike kwa ajili ya pumzi. "Ambapo" moja kwa ukurasa inatosha.

#9 Dada wa Bondeni

Hapa Kenya shida yetu nyingine ni wakati. Vituo vingi vinataka dakika tano, na muziki ukatize kila baada ya mbili. Lakini nikumbushe kitu. Redio ya kwanza ya jamii Afrika ilifunguliwa Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikafungwa na serikali mwaka 1984. Watu walikuwa wameanza kujisikia wenyewe kwa lugha yao. Kwa hivyo tukisema "tuwafuate watu na sauti zao" tukumbuke si ufundi tu. Kuna aliyeogopa jambo hilo.

#10 Kinasa (mleta uzi)

Ahsante dada, umesema jambo zito. Na kwetu kuna ushahidi wa upande mwingine: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takribani milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Walisikiliza pamoja, wakajadili, wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka vya mbu. Anayesema Mtanzania hawezi kukaa na kipindi cha redio kwa utulivu asome historia hiyo.

#11 Bodaboda FM

Mkuu heshima yako, ila hiyo ni 1973. Leo msikilizaji yupo kwenye daladala, honi, kondakta anaita, simu inaita. Nani atasikia fimbo ya mzee ikigonga chini?

#12 Kinasa (mleta uzi)

Hoja ya haki. Atasikia ukichanganya sauti kwa ajili yake.

Watayarishaji wengi huchanganya kwa hedifoni nzuri na kumaliza hapo. Redio ndogo na spika ya simu hazitoi besi. Mngurumo wa treni uliokutetemesha studio utapotea wote, kitakachobaki ni mluzi na mgongano wa chuma. Kwa hiyo nilitafuta sauti za treni zenye ncha: breki, honi, mlango wa behewa. Sauti ya mtu nailainisha iwe na kimo kimoja, isipande na kushuka sana, na chini ya hertzi 80 nakata. Ya mazingira inapanda pekee yake kwa sekunde chache mtu atambue yupo wapi, kisha inashuka vizuri chini ya maneno. Ikibaki katikati inakuwa kelele. Kisha napima: nasikiliza kwa simu, jikoni, watu wakipika. Nisiposikia neno, narudi mezani.

Kwenye LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, redio za Ulaya hulenga -23, podikasti nyingi hulenga -16. Redio zetu nyingi hazina kiwango kilichoandikwa, muulize fundi wa kituo chako ana mashine gani ya kubana sauti kabla ya mnara, kwa sababu itabadilisha ulichokichanganya.

Na kwa kuwa watu wanafungulia redio katikati, taja jina la mhusika na mahali kila baada ya dakika chache, kwa njia tofauti kila mara. "Mzee wetu wa Mlimba" mara hii, jina lake mara ijayo. Anayeingia dakika ya 14 asijione mgeni.

#13 Bukavu Asubuhi

Jambo wandugu. Niko Bukavu, Kongo. Huku redio ni maisha, watu walikimbia vita na redio mkononi. Radio Maendeleo ipo toka 1993, Radio Okapi toka 2002, na makala zinasikilizwa sana. Swali langu ni usalama. Mama anakuhadithia yaliyompata, analia, anasema andika jina langu. Kesho wale watu bado wako mtaani kwake. Unafanya nini?

#14 Kinasa (mleta uzi)

Pole kwa mnayopitia ndugu yangu.

Ruhusa ya siku ya machozi haitoshi. Rudi baada ya siku kadhaa, mwenyewe akiwa ametulia, umweleze nani atasikia: jirani, shemeji, mkubwa wa kambi, watoto wake mtandaoni miaka kumi ijayo. Kisha umuulize tena. Akisema hapana, ni hapana, hata kama ndiyo klipu iliyokushikilia makala nzima.

Jina pekee halifichi mtu. Sauti inajulikana na ndugu zake, pia kengele ya kanisa iliyo nyuma, jina la soko, idadi ya watoto aliyoitaja. Kubadilisha sauti kwa programu kunaweza kugeuzwa na mwenye ujuzi, na kunamfanya mama asikike kama jambazi. Bora maneno yake yasemwe na mama mwingine, na msikilizaji aambiwe wazi kwamba ni sauti ya mwingine. Rekodi ya asili iwe mahali penye nywila, na majina ya faili yasiwe majina ya watu. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, lakini hata pasipo na sheria wajibu uko palepale.

#15 Mtangazaji wa Ziwa

Nimerudi. Nimejaribu ya kutembea na mhojiwa, bibi mmoja mvuvi wa dagaa. Mkuu, ni dunia nyingine! Sasa nina saa mbili na nusu za rekodi na sijui nianzie wapi. Na pia, tunalipaje? Bibi aliomba "hela ya soda" na mhariri anasema tutafute mdau wa kudhamini.

#16 Kinasa (mleta uzi)

Hongera sana! Twende moja moja.

Sikiliza yote tena, yote, bila kukata. Andika kwenye daftari muda na maneno, na uweke alama palipokugusa. Alama hizo ziamini, maana ukisikia mara ya tano hutaguswa tena na utaanza kuchagua kwa akili tupu. Kisha toa vipande vyenye alama, kila kimoja na jina lake, uvipange ukisikiliza. Anza na sauti inayozua swali. Yangu ilianza na mzee akisema, "Nyamaza. Unaisikia?" na kwa mbali honi. Msikilizaji hajui anasikia nini na anataka kujua. Maelezo ya 1967 na Rhodesia yalikuja dakika ya saba, msikilizaji akiwa ameshampenda mzee na anataka kujua kwa nini alipelekwa porini. Yakitangulia, ni somo la darasani.

Muswada unaandika sasa, ukishajua sauti zinasema nini zenyewe. Mimi huhesabu maneno 110 hadi 120 ya Kiswahili kwa dakika. Kwa makala ya dakika 28 msimulizi wangu hakuzidi dakika nane. Audacity ni ya bure na inatosha kabisa kuanzia.

Muziki: usitumie wimbo wa msanii bila ruhusa, COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, inasimamia mambo hayo, na kinanda cha huzuni cha mtandaoni kiache. Bibi mvuvi ana wimbo wa kuvutia nyavu? Mwombe auimbe. Kama unataka sauti za zamani, maktaba ya TBC (Shirika la Utangazaji Tanzania) inatunza mikanda ya enzi za RTD, andika barua rasmi mapema na useme hasa unachotafuta, kwa tarehe na tukio.

Sasa pesa. Mhojiwa silipi kwa maneno yake, kwa sababu anayelipwa huanza kukupa anachodhani unakitaka. Lakini bibi aliyeacha dagaa asubuhi nzima kwa ajili yako amepoteza kipato. Nauli yake, chakula cha mchana, kilo ya sukari ukienda kwake, hayo ni ubinadamu na adabu zetu, na usiyafanye kabla ya mahojiano wala kwa sharti. Mweleze mhariri wako waziwazi ulichotoa.

Mdau wa kudhamini ndiye ninayemwogopa zaidi. Atakuja na "ujumbe muhimu" tatu na picha ya mkurugenzi. Ukikubali pesa, makubaliano yaandikwe kabla: mdhamini atajwe mwanzoni na mwishoni, asisikilize makala kabla haijaruka, asichague wa kuhojiwa. Akikataa, ni bora ufanye dakika 10 za bibi kwa nauli yako kuliko dakika 30 za mdau. Nimeona makala nzuri kabisa za uvuvi zikigeuzwa tangazo la mradi, na wavuvi wenyewe wakazima redio.

#17 Sikio la Pwani

Mtangazaji wa Ziwa, ukimaliza tuwekee hapa tusikilize. Na mkuu Kinasa, makala ya TAZARA wale wazee waliisikia?

#18 Kinasa (mleta uzi)

Waliisikia. Siku ya kurushwa nilikuwa Mlimba, mzee aliwaita wenzake barazani. Hawakusema kitu hadi ilipoisha. Kisha mmoja akasema nimekosea jina la mto mmoja kwenye simulizi, wakabishana wao kwa wao, na walipokubaliana nikarekodi sahihisho, nikalitia kwenye toleo la marudio la wiki iliyofuata. Kwa hiyo kwa wote mnaotengeneza: wapelekeeni wahusika nakala, kwenye memori kadi au flashi, kwa sababu wengi hawana bando la kupakua. Na muwasikilize wanavyobishana, kinasa kikiwa wazi.

#19 Mtangazaji wa Ziwa

Sawa mkuu. Bibi amesema wimbo upo, ila huimbwa usiku wakiwa majini, karabai zikiwaka. Mtumbwi una nafasi. Manyoya ya maiki yataniokoa na upepo wa ziwani au nitafute kingine?

#20 Kinasa (mleta uzi)

Manyoya yatatosha ukigeuza mgongo kwenye upepo na kuikinga maiki kwa mwili wako. Kinasa kitie kwenye mfuko wa plastiki, maiki tu itoke, na ukifunge shingoni kwa kamba. Beba betri za akiba ndani ya shati zisipate unyevu. Vaa jaketi la kuokolea, hata kama wenyewe hawavai. Injini ikizimwa, rekodi dakika nzima ya maji yakipiga ubavu wa mtumbwi kabla hawajaanza kuimba.